Geji za hereni na kupanua ndewe: maswali tunayoulizwa Ngamiani

Tunatoboa masikio na kuuza hereni hapa Ngamiani, Tanga. Maswali ni yale yale kila siku, dukani na kwenye simu, kwa hiyo tumeyaandika na majibu yake. Jibu likikuelekeza kwenye swali jingine, lifuate, kwani hatukutaka kurudia jambo moja mara tatu.

## Namba na vipimo

Geji ni nini? Mbona namba ikipungua hereni inanenepa?

Geji ni namba ya unene wa waya. Zamani wavuta waya waliupitisha kwenye bamba lenye matundu, na kila ulipopita ulikonda. Namba ikafuata idadi ya mivuto: waya uliovutwa mara nyingi ni mwembamba na namba yake ni kubwa. Sonara anayevuta waya wa dhahabu kwa mkono hutumia bamba la namna hiyo mpaka leo.

Hereni za kupanulia hufuata mfumo wa waya wa Kimarekani uliowekwa mwaka 1857. Kariri jambo moja tu: ukishuka namba sita, unene unakuwa maradufu. Geji 20 ni milimita 0.8, geji 14 ni 1.6, geji 8 ni 3.2.

Nitajieni geji zote kwa milimita.

Geji 20 ni milimita 0.8, 18 ni 1.0, 16 ni 1.2 au 1.3, 14 ni 1.6, 12 ni 2.0, 10 ni 2.5, 8 ni 3 au 3.2, 6 ni 4, 4 ni 5, 2 ni 6 au 6.5, 0 ni 8. Kisha inakuja 00, yenye fujo kuliko zote: kwa hesabu ya mfumo wenyewe ni 9.27, lakini viwandani utakuta 9, 9.5 na 10, zote zimeandikwa 00. Baada ya hapo geji hazitumiki tena. Watu wanahesabu milimita, 11, 12, 14 na kuendelea, au inchi: nusu inchi ni milimita 12.7 na inchi nzima ni 25.4.

Ushauri wetu ni kuachana na geji unapoagiza. Uliza milimita. Vizibo viwili (hereni nene za kujaza tundu lililopanuliwa) vya "00" kutoka kwa wauzaji wawili vinaweza kupishana milimita nzima, na kwenye ndewe, yaani nyama laini ya chini ya sikio, milimita nzima ni kazi ya miezi.

Tundu langu la utotoni ni geji ngapi?

Likiwa lilitobolewa kwa sindano au bastola ya kutobolea masikio na umevaa hereni za kawaida tu, ni geji 20 au 18. Vijiti vya hereni za dhahabu za madukani huwa vyembamba, basi mara nyingi ni 20. Usianze kwa kukisia. Hereni ya geji 18 ikiingia na kutoka bila kusukumwa, nenda 16. Ikigoma, saizi yako ni ile iliyotangulia. Kama umevaa hereni nzito miaka mingi, soma kwanza swali la tundu lililorefuka kama mfereji, mwisho kabisa.

Nitapimaje kama sina kifaa?

Pima hereni, usipime tundu. Ngozi inavutika, itakudanganya. Kifaa sahihi ni vernia kalipa, ile ya maabara ya fizikia, na mafundi wa vyuma wengi wanayo. Bila hiyo, nenda duka la vifaa vya ujenzi ulinganishe hereni na biti za drili, maana zimeandikwa milimita kwenye shina. Kulinganisha tu, jamani, si kuziingiza sikioni. Kwa makadirio ya haraka, kijiti cha meno kina milimita 2 hivi na penseli ina kama 7.

Nesi ana sindano ya geji 18. Si ndiyo hiyo hiyo ya hereni?

Hapana. Sindano za hospitali hufuata mfumo mwingine, wa Birmingham. Sindano yao ya geji 18 ina unene wa karibu milimita 1.3 kwa nje, wakati hereni ya geji 18 ni milimita 1. Geji 14 ya hospitali inafika 2.1, ya hereni 1.6. Ndiyo maana anayetobolewa kwa kanula ya hospitali halafu akavaa hereni ya "namba ile ile" huona hereni inacheza ndani ya tundu.

## Kabla ya kuanza

Wazee nyumbani wanasema huu ni uhuni wa kuiga. Ni kweli?

Waonyeshe picha za zamani za wanawake wa pwani yetu waliovaa majasi: ndewe pana, ndani yake msokoto wa karatasi za rangi au duara la fedha. Hao ndio bibi zao. Kutoka hapa mpaka Handeni na Kilindi utakutana na Wamasai na Waparakuyo, wanaume kwa wanawake, ambao ndewe zao zimepanuliwa kwa vijiti vya mti. Na ile maiti iliyopatikana kwenye barafu mwaka 1991, mpakani mwa Austria na Italia, ya mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ilikuwa na matundu ya masikio ya milimita 7 mpaka 11.

Hilo halimzuii baba yako kukasirika. Shule nyingi haziruhusu, na waajiri wengine pia hawataki. Aliye chini ya miaka 18 tunamhudumia akija na mzazi, na hapo hatubishani.

Nikipanua, tundu litarudi nikibadilisha mawazo?

Hadi milimita 4 au 5, watu wengi hurudi karibu na hali ya kawaida, ingawa doa dogo hubaki. Kati ya milimita 6 na 8 ni bahati yako. Ukipita 8, jihesabu kwamba umeshachagua, na kulifunga kutahitaji daktari wa upasuaji. Wanaotaja kipimo kimoja cha "mwisho wa kurudi" kwa watu wote wanakisia. Ngozi hazifanani, na aliyepanua polepole hurudi vizuri kuliko aliyelazimisha.

Nimetobolewa juzi. Nianze kupanua lini?

Ndewe huonekana imepona baada ya wiki 6 hadi 8, lakini huko ni juu juu. Ngozi ya ndani ya tundu bado ni changa. Subiri angalau miezi 6, na mwaka ni bora zaidi. Kama unajua tangu mwanzo kwamba utapanua, mwambie anayekutoboa aanze na geji 14 au 12. Umeruka hatua kadhaa siku hiyo hiyo, kwa jeraha moja.

Mwambie pia atoboe katikati. Waliotobolewa wakiwa wachanga mara nyingi tundu liko chini mno, kwa sababu sikio lilikuwa dogo na mtoto analia. Tundu likiwa karibu na ukingo wa chini, hata milimita 6 inaweza kukuachia uzi wa nyama. Afadhali lizibe, utoboe upya juu yake.

Bastola au sindano?

Sindano mpya ya kutobolea, inayotumika mara moja na kutupwa. Bastola inasukuma kigingi kisicho na makali, inapasua ngozi badala ya kuikata, na bastola nyingi zina plastiki isiyovumilia otoklevu, ambapo vyuma hukaa kwenye mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Kufuta kwa spiriti hakutoshi kuondoa hatari ya homa ya ini B. Uliza utaratibu wa usafi kabla hujakaa kitini. Mtoboaji akichukia swali, ondoka.

Sindano ya kushonea iliyopitishwa kwenye moto wa mshumaa imetoboa nusu ya masikio ya Tanga, tunajua. Moto ule unaacha masizi, na mkono ulioishika sindano haukupita motoni.

Nani asipanue kabisa?

Mwenye makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha lenyewe, au ambaye ndugu zake wa damu wanayo. Kitaalamu ni keloidi. Sisi wenye ngozi nyeusi tunazipata zaidi, hasa kati ya miaka 10 na 30, na ndewe ni mojawapo ya sehemu zinazozipenda. Angalia kovu lako la chanjo begani: likiwa limenyanyuka na kutanuka, hilo ni onyo.

Mwenye kisukari ambacho hakijadhibitiwa asubiri, maana vidonda vyake hupona taratibu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari wake kwanza. Mjamzito tunamwambia arudi baada ya kujifungua na kupata nafuu.

## Kupanua kwenyewe

Naweza kuruka geji?

Usiruke. Hata ukifuata namba bila kuruka, hatua zenyewe hazilingani. Kutoka 14 kwenda 12 ni kama milimita 0.4. Kutoka 2 kwenda 0 ni milimita mbili au karibu yake, yaani mara nne au tano zaidi, ingawa kwenye orodha zote mbili zinaonekana hatua moja. Hapo ndipo masikio mengi huharibikia. Tafuta milimita 7 uiweke katikati, na kuanzia 8 kwenda juu panda milimita moja moja.

Nisubiri muda gani kati ya saizi na saizi?

Mwezi mmoja ni kiwango cha chini kwa saizi nyembamba, hadi geji 8 hivi. Kuanzia milimita 4 weka miezi miwili. Ukipita milimita 8, mitatu au zaidi. Kalenda ni mwongozo tu, sikio lenyewe ndilo hakimu: saizi ya sasa iwe inaingia na kutoka bila ukinzani, tundu halina ukavu wala maumivu, na nyama inayolizunguka ina unene ule ule pande zote. Hayo yakiwa hayajatimia, hata miezi minne haijatosha.

Njia ipi ni salama zaidi?

Ya kwanza na bora ni kungoja. Unavaa saizi yako muda mrefu mpaka tundu linalegea lenyewe, siku moja kizibo cha saizi inayofuata kinapita kwa mafuta kidogo baada ya kuoga maji ya moto. Hakuna damu wala hadithi. Wateja wenye ndewe nzuri kuliko zote ni hawa.

Ya pili ni tepu nyeupe ya mafundi bomba, ile wanayozungushia nyuzi za koki. Haina gundi na haigandi kwenye ngozi. Zungusha mzunguko mmoja au miwili kwenye kizibo unachovaa, laini bila mkunjo, vaa, na baada ya wiki kadhaa ongeza mwingine. Ukivua kusafisha, badilisha tepu. Isiwe tepu ya umeme wala selotepu, zina gundi. Na usiweke tepu kwenye tundu lenye kidonda.

Ya tatu ni tepa, kijiti kilichochongoka upande mmoja na kunenepa upande wa pili. Kazi yake ni kukipitisha kizibo kinachoifuata nyuma, kisha inatoka. Tatizo ni kwamba inauzwa kama pambo, na vijana wanatembea nayo mitaani. Uzito wake unaelemea upande mmoja, tundu linapanuka kwa kushuka. Tena tepa inaingia hata pale sikio halijawa tayari, kwa hiyo inakunyima onyo. Sisi hatuuzi tepa zaidi ya milimita 3.

Kutundika vitu vizito tunakukataa moja kwa moja. Vinakondesha nyama ya chini.

Inapaswa kuuma?

Kubana kidogo na joto kwa siku moja, sawa. Kuuma kweli, kuchoma au kutoa damu maana yake umechanika. Toa, rudi saizi ya chini siku hiyo hiyo, na uhesabu muda wako upya.

Njiti ya chelewa, kifuniko cha kalamu, karatasi iliyosokotwa: naweza?

Njiti ya chelewa imelinda matundu mengi ya watoto wa pwani yasizibe, lakini ina nyuzi zinazochoma na imeshafagia uwanja. Kifuniko cha kalamu kina mshono wa plastiki unaokata. Karatasi ya majasi ilifanya kazi kwa sababu msokoto hujikunjua taratibu, ila haioshwi, inanyonya jasho na kushika uchafu. Ukitaka majasi kwa sherehe, vaa kwenye ndewe iliyopona kabisa, saizi yako ya sasa, uvue usiku.

Nivae chuma gani mara tu baada ya kupanua?

Titani ya daraja la vipandikizi vya mwilini, inayoandikwa ASTM F136, au kioo. Kioo ni laini kabisa, hakina nikeli na kinasafishika kirahisi. Dhahabu ya karati 14 kwenda juu inafaa pia, ila vizibo vyake ni ghali. Chuma cha hospitali kinawafaa wengi, lakini kina nikeli ndani yake. Kama saa au bizimu ya mkanda inakuwasha, kiepuke.

Akriliki na silikoni zisikaribie ndewe mbichi. Silikoni hasa ni hatari kwa sababu inajikunja ikiingia kisha inajitanua ndani, ikilazimisha tundu.

Umbo nalo: saizi mpya ivaliwe kwa kizibo kilichonyooka chenye mpira nyuma, au chenye mdomo upande mmoja tu. Chenye midomo miwili ni kipana kwenye mdomo kuliko saizi iliyoandikwa, kwa hiyo kukipitisha ni sawa na kuruka hatua.

Mpingo, pembe na kifuu cha nazi?

Vizuri sana, na mafundi wetu wanachonga vyema, lakini kwenye ndewe iliyopona. Vitu hivi vina vitundu visivyoonekana na haviwezi kupitishwa otoklevu. Mpingo unawawasha baadhi ya watu. Usiviloweke majini, vitapasuka. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, paka mafuta kidogo, na uvivue unapooga.

## Usafi na maisha ya kila siku

Nisafishie nini?

Maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mara mbili kwa siku. Famasi wanauza chupa ya dripu. Hakikisha ni ya chumvi, si ya sukari, kwa sababu chupa zinafanana. Ukitengeneza nyumbani, gramu 9 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu. Itafute chumvi isiyoongezwa madini joto. Kuzidisha chumvi hakuongezi uponyaji, kunakausha ngozi. Yaliyobaki yamwage siku hiyo hiyo.

Achana na spiriti, maji ya povu ya famasi (haidrojeni peroksaidi), dawa kali za kusafishia vidonda, majivu na dawa ya meno. GV, ile dawa ya zambarau, nayo inakausha, na rangi yake inaficha dalili ambazo ungepaswa kuziona.

Ndewe inanuka. Nina ugonjwa?

Hapana, kama haiumi. Ni mafuta ya ngozi na seli zilizokufa, na kwa jasho la Tanga vinajikusanya haraka. Vua, osha tundu na kizibo kwa sabuni isiyo na manukato, kausha. Ukivaa kioo au chuma harufu hupungua.

Mafuta ya nazi yanafaa?

Yanafaa sana, yakiwa safi na ndewe ikiwa haina kidonda. Siku kama 7 baada ya kupanua, maumivu yakiwa yamekwisha, kanda ndewe kwa vidole dakika tano kila jioni. Damu inapita na ngozi inabaki laini. Tukiambiwa tuchague zoezi moja tu kwa kila mteja, tungechagua hili. Mafuta ya mgando hayafai ndani ya tundu bichi, yanaziba na kushika vumbi.

Naweza kuogelea Raskazone? Na maji moto ya Galanos?

Mpaka sikio lipone, usiogelee. Maji ya bahari yana chumvi, kweli, lakini yana mengine mengi hasa karibu na mji. Maji ya salfa ya Galanos watu huyafuata kwa ajili ya ngozi, ila chemchemi ya kuogea watu wengi si mahali pa jeraha wazi.

Kutia udhu au kuoga josho je?

Kwa upande wa jeraha, maji safi yanayopita hayadhuru, ila kausha vizuri baadaye. Kama ni lazima kizibo kivuliwe ili maji yafike, hilo ni swali la kifiqhi, muulize ustadhi wako kabla hujapanua.

## Mambo yakiharibika

Nyuma ya tundu imetokeza nyama kama mdomo. Ni nini?

Ngozi ya ndani imesukumwa nje kwa sababu uliharakisha. Shuka saizi moja au mbili, vaa kizibo kilichonyooka kisicho na mdomo nyuma, safisha kwa maji ya chumvi. Ikitulia, anza kukanda kwa mafuta kama tulivyoeleza juu. Ikiwahiwa, hurudi ndani. Ukiendelea kuvaa saizi ile ile, itaganda hivyo na kuondolewa kwa kisu tu.

Kuna uvimbe mgumu. Ni keloidi?

Uvimbe mdogo kando ya tundu, unaotoka wiki za mwanzo na kubaki hapo hapo, mara nyingi ni mwasho wa chuma kibaya au msuguano. Badilisha chuma na uache kuugusa. Keloidi huchukua miezi, hukua kupita mipaka ya tundu, ni ngumu kama mpira, na haipungui yenyewe. Usikatwe mtaani: keloidi iliyokatwa bila matibabu mengine ina tabia ya kurudi kubwa zaidi. Nenda kwa daktari wa ngozi.

Ni wakati gani niende hospitali?

Vitabu vingi vinasema uangalie wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia joto, kukaza kwa ngozi, kung'aa kwake, na maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Usaha wa njano au kijani, homa, tezi zilizovimba shingoni: nenda kituo cha afya au hospitali ya Bombo. Taya likikaza, nenda sasa hivi, inaweza kuwa pepopunda. Usivue hereni mwenyewe ikiwa kuna usaha, tundu likifunga usaha unabaki ndani.

Tundu la juu kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya sikio, likivimba na kuuma, usisubiri hata siku moja. Gegedu halina mishipa yake ya damu, likioza sikio linakunjamana milele. Na gegedu halipanuliwi kama ndewe, tunaulizwa hilo pia.

Tundu langu limerefuka kama mfereji kwa hereni nzito za harusi. Naweza kulifanya duara?

Mara chache. Mzigo ulivuta chini, kwa hiyo nyama ya chini imekonda, na ukiongeza kizibo utaimaliza. Pima: nyama iliyobaki chini ikiwa nyembamba kuliko penseli, usipanue. Vaa hereni nyepesi, kanda kwa mafuta miezi kadhaa, kisha tulione.

Imechanika kabisa, vipande viwili. Inashoneka?

Inashoneka, kwa ganzi ya sehemu hiyo tu, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Daktari atakata kingo zilizokwisha kupona kivyake kwanza, kwa sababu ngozi iliyofunga haiungani na ngozi iliyofunga. Ndiyo maana gundi na plasta havisaidii. Kutoboa upya subiri miezi kadhaa, na tundu jipya liwe pembeni ya kovu. Kama una historia ya keloidi, mwambie daktari kabla hajashika uzi.